Shajara ya mradi: intaneti ya setilaiti katika gari la kuishi

Jumatatu: mahitaji

Gari tunaloishi ni basi dogo lililogeuzwa nyumba. Kitanda kiko nyuma, jiko liko ubavuni, friji ya volti 12 imekaa chini ya meza, na juu ya paa kuna paneli moja ya sola ya wati 200 inayochaji betri ya lithiamu ya ampea-saa 100. Hadi sasa intaneti yetu imetoka kwenye modemu ya laini ya simu. Mjini na kando ya barabara kuu modemu hiyo haina neno, lakini kila tunapoiacha lami na kuegesha mahali tunapopapenda, yaani mbali na watu, minara ya simu nayo huwa mbali. Mwenzangu hufundisha kwa njia ya video, nami hutuma michoro yenye mafaili makubwa. Kwa hiyo wanaoamua tulale wapi, kwa kweli, wamekuwa ni wajenzi wa minara.

Lengo la mradi ni kupata intaneti ya setilaiti inayobebeka, itakayofanya kazi popote penye anga wazi bila kutegemea soketi ya kambi. Kabla ya kulinganisha vifaa nimeandika masharti matatu. Simu ya video ya saa nzima isikatike. Mfumo mzima usile umeme kuliko friji kwa kiasi kikubwa. Na mtu mmoja aweze kuutandaza na kuukusanya peke yake, hata mvua ikinyesha, bila kupanda juu ya paa. Kasi ya kupakua sikuiweka katika masharti, kwa sababu simu ya video yenye picha nzuri hutosheka na megabiti 3 au 4 kwa sekunde kila upande, na huduma za setilaiti za siku hizi huzidi hapo bila shida zinapokuwa hewani. Anayefanya kazi garini husumbuliwa zaidi na zile sekunde ambazo hakuna hata megabiti moja.

Jumanne: setilaiti za aina gani

Familia ya kwanza ni ya setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, zikizunguka sambamba na dunia kiasi kwamba kwa aliye chini huonekana zimesimama palepale. Dishi likishalengwa halihitaji kuguswa tena, jambo linaloifaa nyumba yenye msingi. Kwa gari, hesabu ni nyingine. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ombi hupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka kwenye kituo cha ardhini, kisha jibu hurudi kwa njia hiyohiyo, na jumla ya safari hupita kilomita 143,000. Hiyo ni karibu nusu sekunde kabla ya kompyuta yoyote kufanya kazi yake. Katika mazungumzo ya video, nusu sekunde inatosha kuwafanya watu wawili waanze kusema pamoja, wanyamaze pamoja kwa adabu, kisha waanze tena pamoja. Zaidi ya hapo, kila kambi mpya hudai kulenga upya: mwelekeo wa dira, mwinamo wa dishi, na mzunguko wa kichwa cha kupokea mawimbi, na kukosea kwa nyuzi moja au mbili hutosha kuupoteza mtandao wote.

Familia ya pili ni ya setilaiti za chini. Zile za Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya SpaceX, ambazo kundi lake kubwa la kwanza, la setilaiti 60, lilirushwa Mei 2019, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Zile za OneWeb, huduma nyingine ya namna hiyo, ziko kwenye kilomita 1,200. Kwa kilomita 550 safari nzima ya kwenda na kurudi haizidi sana kilomita 2,200, sawa na milisekunde 7, na hata baada ya kuongeza foleni za mitambo na njia za ardhini, mtumiaji huona milisekunde 25 hadi 60. Gharama ya ukaribu huo ni mwendo. Setilaiti ya chini hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde na kuvuka anga letu kwa dakika chache, hivyo dishi lazima lihame kutoka setilaiti moja hadi nyingine bila kupumzika. Halifanyi hivyo kwa mota. Uso wake bapa una mamia ya antena ndogo, na kwa kuchelewesha mawimbi ya kila antena kwa kiasi kidogo sana, mwali wote hugeuka bila kitu chochote kusogea.

Tofauti iliyoamua shauri ni hii: setilaiti zilizosimama huhitaji tundu dogo tu la anga, lakini tundu hilo hulichagui wewe, setilaiti za chini huhitaji anga pana, na hazijali sana ni upande upi. Katika kambi isiyojulikana nitapata uwanda mpana kwa urahisi kuliko kupata tundu lililo mahali pake barabara. Tumechagua setilaiti za chini.

Alhamisi: hesabu ya umeme

Hapa ndipo miradi mingi ya namna hii huamuliwa, na si kwenye ukurasa wa kasi na vifurushi.

Dishi la kawaida la Starlink la kizazi cha tatu hutumia wastani wa wati 75 hadi 100. Dishi dogo liitwalo Mini, lililoanza kuuzwa mwaka 2024, hutumia wati 25 hadi 40, lina uzito wa kilo 1.1 hivi, lina rauta ndani yake, na kubwa zaidi kwetu ni kwamba hupokea umeme wa moja kwa moja wa volti 12 hadi 48. Dishi la kawaida huja likitegemea umeme wa nyumbani, kwa hiyo garini lingehitaji inveta. Inveta ya wati 1,000 au 2,000 hula wati kumi na kitu kwa kuwashwa tu, kabla haijalisha kifaa chochote, na hupoteza sehemu nyingine katika kuugeuza umeme. Ni mzunguko wa ajabu, ukiutazama vizuri: betri ya volti 12 inapandishwa hadi volti 230, kisha adapta inaushusha umeme uleule ili dishi liutumie.

Betri yetu ya ampea-saa 100 kwa volti 12.8 ina wati-saa 1,280. Nikikataa kuimaliza kabisa na kutumia asilimia 80, ninabaki na 1,024. Dishi la kawaida kwa wati 75, likiwashwa saa 24, lingetaka 1,800. Betri ingekufa kabla ya mapambazuko na friji ingeyeyuka nayo. Mini kwa wastani wa wati 30 hutaka 720 kwa siku nzima. Tukiizima usiku na kuiacha kazini saa 16, hutaka 480, ambayo ni karibu sawa na friji yetu. Sharti la pili limetimia kwenye karatasi.

Paneli lakini haitoshi. Wati 200 zilizoandikwa mgongoni mwake hupatikana maabara. Juu ya paa, ikiwa imelala bapa na kupata joto, hutoa 140 au 150 jua linapokuwa utosini. Siku njema yenye saa 5 za jua kamili hutupa wati-saa 700 hivi. Dishi 480, friji 450, kompyuta mbili 300, taa na pampu ya maji 60: jumla 1,290. Pengo hilo halizibwi kwa kubana matumizi. Nimeamua kuongeza paneli ya pili ya wati 200, hii ikiwa ya kukunja, ili iweze kutandazwa juani wakati gari liko kivulini, na pia kufunga chaja inayochukua umeme wa altaneta wakati wa safari. Chaja ya ampea 30 hutoa karibu wati 400, kwa hiyo saa moja ya kuendesha hurudisha karibu kile ambacho dishi hula kwa siku ya kazi. Wiki ya mawingu, chaja hiyo ndiyo itakayotuokoa, kwa maana paneli chini ya wingu zito hutoa robo ya kawaida yake au pungufu.

Jumamosi: waya

Tumechagua Mini, na dishi limefika. Kwenye sanduku kulikuwa na kebo ya umeme ya mita 15 na adapta ya nyumbani inayotoa volti 30. Namba hiyo ya 30 haikuwekwa kwa bahati, na kabla ya kukata waya wowote nimekaa na kalamu kuitafutia sababu.

Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1. Kila mita ina ukinzani wa takriban omu 0.0175. Kebo ya mita 15 ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo umeme husafiri mita 30, na ukinzani wote ni omu 0.525. Dishi linapowaka au linapofanya kazi nzito linaweza kuvuta wati 50. Kwa volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 4, na volti zinazopotea njiani ni 2 na ushei. Betri ikiwa na volti 12.8, kwenye mdomo wa dishi zinafika 10 na kitu, chini ya 12 linazozihitaji. Dishi hujizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, linawaka tena, linajizima tena. Anayeliona kwa mbali atadhani limeharibika. Kwa volti 30, wati zilezile 50 zinahitaji ampea 1.7 tu, upotevu ni volti 0.9, na dishi halina habari.

Suluhisho ni kipandisha volti kilichofungwa karibu na betri, kinachopokea 12 na kutoa 30, halafu kebo ndefu hubeba volti hizo za juu hadi nje. Nimekifunga kwenye ubao ule ule ulioshika kidhibiti cha chaji cha sola, nikiacha nafasi ya vidole viwili pande zote kwa ajili ya hewa, kwa sababu hupata moto kidogo. Kati ya betri na kipandisha kuna fyuzi ya ampea 10, na nimeiweka karibu kabisa na betri: fyuzi hulinda waya ulio mbele yake, na kipande cha waya kilicho kati yake na betri hakilindwi na yeyote. Swichi iko mlangoni, mahali ambapo mkono hufika mtu akiwa kitandani, kwa kuwa tunajua tabia yetu ya usiku.

Kwa kupima, niliunganisha kipima volti kwenye ncha ya mwisho ya kebo, nje, dishi likiwa kazini. Bila kipandisha, sindano ilicheza kati ya 10.9 na 12.1 na dishi lilijiwasha upya kila lilipoongezewa kazi. Pamoja na kipandisha, ilikaa kwenye 29 na kitu na kutulia.

Tundu la kupitishia kebo nimelitoboa sakafuni, nyuma ya gurudumu la akiba, badala ya ukutani. Maji hayapandi. Hata hivyo kebo imeachiwa kipindo kinachoning'inia chini ya kiwango cha tundu, ili tone lolote linalotambaa juu yake lidondoke kabla ya kufika ndani.

Jumapili: anga

Swali lililokuwa wazi tangu mwanzo ni kama dishi lifungwe juu ya paa moja kwa moja au libaki la kubeba. Lililofungwa halisahauliki, haliibwi kirahisi, na hufanya kazi dakika ileile gari linaposimama. Nchini Marekani mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliruhusu Juni 2022 hata matumizi ya Starlink kwenye vyombo vinavyotembea. Lakini dishi la juu ya paa hulazimisha gari zima liegeshwe kwa matakwa yake, na matakwa yake ni kinyume kabisa cha yetu. Sisi tunataka mti; lenyewe linauchukia mti. Wakati wa joto, basi la bati lililoachwa juani saa saba mchana halikaliki, na hakuna intaneti inayostahili mateso hayo. Kwa hiyo gari litalala kivulini na dishi litatembea hadi kwenye mwanga, likifungwa kamba yake ya mita 15 kama mbuzi wa malisho.

Umbali wa kutoka mtini unaweza kukadiriwa kwa macho. Dishi lililolazwa bapa huona pembe ya nyuzi 110, yaani nyuzi 55 kila upande kutoka utosini, kwa hiyo kitu chochote kilichoinuka zaidi ya nyuzi 35 kutoka upeo wa macho huingia kwenye anga lake. Kanuni inayotoka hapo ni rahisi: zidisha urefu wa mti kwa 1.4. Mti wa mita 10 utataka mita 14, ambayo ni karibu kebo yote. Mti wa mita 20 hauwezekani kwa kebo hii, na hapo ama gari linasogea au tunakubali upungufu. Nimepima urefu wa mti kwa njia ya zamani ya fimbo na kivuli, na makadirio yalitofautiana kidogo tu na yale ya programu ya simu.

Programu yenyewe hutumia kamera: unaizungusha simu hewani, nayo inachora anga lako na kutia alama palipozibwa. Ni vyema kuitumia kabla ya kutandaza kitu chochote, ukiwa umesimama pale hasa dishi litakapokaa na simu ikiwa kwenye kimo chake, kwa sababu hatua tatu za kando hubadilisha picha nzima. Baada ya dishi kuwashwa, hujichorea ramani yake ya vizuizi kwa saa kadhaa kadiri setilaiti zinavyopita, na ramani hiyo ni ya kweli kuliko ile ya kamera. Leo tuliona kipande chekundu upande mmoja ambacho kamera haikukiona: tawi kavu lisilo na majani. Hata matawi makavu huzuia, na majani yaliyolowa huzuia zaidi, kwa kuwa mawimbi haya ya gigahezi 10 hadi 14 humezwa na maji.

Athari ya kizuizi kidogo inahitaji kuelezwa, kwani takwimu yake hudanganya. Muda wa kukatika ukiwa asilimia 1 tu, kwa siku ni dakika 14 na ushei, nazo haziji kwa pamoja. Huja vipandevipande vya sekunde chache, kila mara setilaiti inapopita nyuma ya tawi. Mfumo hupanga upya setilaiti ya kila dishi kila baada ya sekunde 15, kwa hiyo kukatika kwingi huanza na kuisha ndani ya mpangilio huo. Anayetazama filamu hatajua lolote, kwa maana picha zimehifadhiwa mbele. Anayepakua faili ataona kasi imepungua kidogo. Mwalimu aliye katikati ya sentensi mbele ya wanafunzi ndiye atakayegeuka sanamu. Kwa ajili yake tutahesabu kambi kuwa nzuri pale tu ambapo ramani haina doa jekundu kabisa, na asilimia za kukatika hatutazisikiliza.

Kipimo cha mwelekeo kwenye programu hushauri pia mwinamo kidogo wa dishi. Mizingo mingi ya Starlink imeinama nyuzi 53 kutoka ikweta, ndiyo maana setilaiti husongamana zaidi karibu na latitudo hizo, na aliye kusini au kaskazini mwake huambiwa aliinamishe dishi kuelekea kwenye msongamano. Tunafuata ushauri huo bila ubishi, kwa kutumia mguu wa nyuma wa dishi, na kazi yake haizidi dakika moja.

Jumanne: ukuta wa bati

Dishi lina rauta ndani, na kwa mtu aliyekaa nje kwenye kiti cha kukunja Wi-Fi yake ni nzuri mno. Ndani ya basi ni habari nyingine. Mwili wa gari ni wa chuma, na ukutani tumebandika kinga-joto yenye karatasi ya alumini. Mawimbi ya Wi-Fi yanapata njia kupitia madirishani tu. Mezani, kwenye dirisha, yalitosha. Kitandani, nyuma, simu ilishika na kuachia.

Nimetandaza kebo ya pili, ya mtandao, sambamba na ile ya umeme, kutoka kwenye tundu la mtandao la dishi hadi kwenye rauta ndogo ya safari iliyo kabatini. Rauta hiyo hula wati 4 hivi na huchukua volti 12 moja kwa moja. Faida haikuishia kwenye nguvu ya Wi-Fi. Vifaa vyote vya nyumbani, ikiwemo mashine ya kuchapa na kipimo cha betri, sasa vinajua mtandao mmoja tu, na kinachobadilika nyuma yake hakivihusu. Wi-Fi ya dishi lenyewe tumeiachia ya nje.

Kebo hizo mbili nimezifunga pamoja kwa mkanda kila nusu mita, na kuzizungushia kwenye bobini ya kebo ya bustani. Mwenzangu ameukusanya mfumo wote peke yake jioni, giza likiingia, bila kuniuliza kitu. Sharti la tatu limetimia.

Alhamisi: upepo, joto na mikono ya watu

Dishi lina kilo moja na uso mpana, kwa hiyo upepo wa kawaida wa mchana hulisukuma. Nimelifunga juu ya ubao wa plaiwudi wenye ukubwa wa mara mbili yake, kwa bolti nne, na ubao una matundu pembeni ya kupigilia vigingi vya hema. Penye mwamba, mifuko miwili ya mchanga hufanya kazi hiyo. Ubao pia unaliinua kidogo kutoka ardhini, jambo muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu dishi limeandikiwa joto la mazingira hadi nyuzi 50 za Selsiasi, na hewa iliyo sentimita chache juu ya mchanga wa mchana hufika huko bila taabu. Likizidiwa, hupunguza kazi yake na hatimaye hujizima hadi lipoe. Pengo la vidole vitatu chini yake limetosha.

Kuhusu wizi sina mengi. Waya mwembamba wa chuma hupita kwenye tundu la ubao na kufungwa kwenye ekseli. Mwenye mkasi wa bolti ataukata. Mpita njia hataukata.

Jumapili: laini ya akiba

Modemu ya simu haikutupwa. Rauta ya kabatini inapokea njia mbili za kutokea, dishi kwanza na laini ya simu pili, na kila sekunde chache hutuma salamu kwenye anwani mbili za mbali kupitia kila njia. Salamu tatu mfululizo zisipojibiwa, inahamisha kila kitu upande wa pili. Nilitegemea uhamisho huo uwe laini, na kwa kurasa za kawaida ni laini, lakini simu ya video iliyokuwa ikiendelea huanguka, kwa kuwa anwani ya intaneti hubadilika katikati yake. Njia inayolitatua hilo ni kuyapitisha mawasiliano yote katika VPN, yaani njia ya faragha hadi kwenye seva ya mbali, inayoshikilia anwani moja huku njia za chini zikibadilika. Nimeijaribu leo kwa kung'oa kebo ya dishi simu ikiwa hewani: picha iliganda kwa sekunde kadhaa, sauti ikarudi, mazungumzo yakaendelea. Inatosha.

VPN hiyo imeondoa pia kero nyingine. Wateja wa setilaiti, kama wale wa mitandao mingi ya simu, huchangia anwani moja ya nje baina ya watu wengi, hivyo huwezi kuifikia nyumba yako kutoka nje kwa kufungua mlango kwenye rauta. Kipimo cha betri, ambacho tunataka kukitazama tukiwa sokoni na friji imejaa, hakikuonekana. Kwa kuwa VPN huanzishwa kutoka ndani kwenda nje, hakuna mlango wa kufunguliwa, na sasa kinaonekana kwenye simu.

Jumatano: siku kamili ya kazi

Tumeegesha kwenye ukingo wa msitu, gari kivulini, dishi kwenye uwazi likiwa limetumia karibu kebo yote. Modemu ya simu hapa haioni mnara wowote, kwa hiyo laini ya akiba haipo na jaribio ni la haki. Mwenzangu alifundisha vipindi vyake vyote vya asubuhi. Mimi nilituma michoro huku akifundisha, kwa makusudi, na hapo ndipo tulipoona udhaifu uliobaki: kupakia kwangu kulijaza njia ya kwenda juu, ambayo ni nyembamba sana kuliko ya kushuka, na ucheleweshaji ukapanda kutoka milisekunde 40 hadi 300 na zaidi. Sauti yake ilianza kukwaruza. Nimewasha kwenye rauta kanuni ya foleni inayobana upakiaji wa mafaili chini kidogo ya uwezo wa njia na kuipa simu ya video nafasi ya mbele. Michoro sasa huchukua muda mrefu zaidi kufika, na sauti haina mikwaruzo.

Mchana ikapita mvua kubwa. Kasi ilishuka, na kilele chake kilipotufikia mtandao ukakatika kwa muda mfupi, jambo lisiloepukika kwa mawimbi ya masafa haya. Kwa vipindi vya kufundisha tutatazama utabiri wa hali ya hewa, na siku za dhoruba tutasogea kwenye mnara.

Betri ilianza siku ikiwa asilimia 91 na kuimaliza kwa 84, paneli zote mbili zikiwa kazini na mawingu yakiwa yamekula sehemu ya mchana. Kipimo kinaonyesha dishi pamoja na rauta na kipandisha vilikula wati-saa 540 kwa saa 16. Friji ilikula 470. Sharti la pili limepitwa kidogo, na nalikubali hivyo.

Ijumaa: mipaka

Kabla ya kuvuka nchi kuna kazi ya karatasi. Setilaiti ziko juu ya kila nchi, lakini ruhusa ya kurusha mawimbi kutoka ardhini hutolewa na kila serikali kwa masafa yake, na mahali ambapo huduma haijasajiliwa dishi halitaunganishwa hata kama anga ni wazi. Baadhi ya nchi hukamata kifaa chenyewe mpakani. Vifurushi vya kusafiri navyo vina masharti ya muda unaoruhusiwa kukaa nje ya nchi ya usajili, na masharti hayo hubadilika. Kwa hiyo nimeongeza mistari miwili kwenye orodha yetu ya maandalizi ya safari, chini ya bima na stika ya barabara: kuthibitisha kwenye ramani rasmi ya huduma kwamba nchi tunayoiendea imo, na kusoma upya masharti ya kifurushi wiki ya kuondoka. Risiti ya ununuzi imewekwa kwenye faili moja na kadi ya gari, kwa ajili ya ofisa wa forodha atakayetaka kujua kibao hiki cheupe ni cha nini.

Kinachofuata ni kununua kebo ya pili ya mita 15 na kiungio kisichopitisha maji, kwa ajili ya kambi zenye miti mirefu. Kwa volti 30 na jumla ya mita 30 za kebo, upotevu unakadiriwa kuwa chini ya volti 2, kwa hiyo kipandisha kilichopo kitatosha.